Baiskeli ya Safari Ndefu Huanza na Kipimo cha Mwili

Barabara kuu ya Mwanza kwenda Shinyanga hupita Mkolani, na ifikapo Usagara hugawanyika: njia moja huendelea Misungwi, nyingine huelekea Kigongo. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita haisubiri tena kivuko. Kwa mwenye kupenda safari za baiskeli, na kwa mhudumu wa afya anayezifikia kaya za mbali, swali linalobaki ni moja: je, baiskeli aliyonayo inaufaa mwili wake kwa mwendo huo?

Swali hilo ni la kitabibu. Mtu anayekanyaga pedali kwa mizunguko 60 kwa dakika hukunja kila goti mara 3,600 kwa saa moja, na mara 18,000 kwa saa tano. Kosa dogo la urefu wa kiti, lisilohisika mtu aendapo sokoni, hurudiwa mara 18,000 kabla ya jioni.

Maana ya kuundiwa baiskeli

Kuundiwa baiskeli kuna namna mbili. Ya kwanza ni kutengenezewa fremu kwa vipimo vyako, kama fundi cherehani akatavyo suti. Alex Singer, aliyefungua karakana karibu na Paris mwaka 1938, alijulikana kwa kazi hiyo. Namna ya pili, iliyo karibu nasi, ni kutafuta fremu inayokutosha na kumkabidhi fundi aijenge kwa vipuri ulivyovichagua kimoja kimoja.

Msingi wa namna zote mbili ni uleule: baiskeli hufuata kazi na njia. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, liligawa nchini Zambia zaidi ya baiskeli 20,000 kwa watu waliojitolea kuwahudumia wagonjwa majumbani. Baiskeli yake iitwayo Buffalo ina fremu nzito ya chuma na keria iliyoundwa kubeba kilo 100, kwa kuwa wabunifu wake walianza na barabara ya vumbi na mzigo wa mhudumu.

Pima kabla ya kununua

Simama bila viatu, mgongo ukiegemea ukuta. Weka kitabu katikati ya mapaja, kikibana juu kama kiti cha baiskeli, kisha pima kutoka ukingo wake wa juu hadi sakafuni. Zidisha kipimo hicho kwa 0.883. Jibu ni makadirio ya umbali kutoka katikati ya ekseli ya fremu inayoshika mikono ya pedali hadi juu ya kiti. Mwenye kipimo cha sentimita 80 ataanza na takriban sentimita 70.6, kisha atarekebisha kidogo kidogo. Jaribio rahisi ni hili: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke, ukikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti libaki limekunjika kidogo.

Umbali wa usukani nao una uzito wake. Usukani ulio mbali mno huitupia mikono uzito wa kiwiliwili, na fremu kubwa kupita kiasi haiponi kwa kushusha kiti.

Mwili husema

Maumivu mbele ya goti mara nyingi huashiria kiti kilicho chini mno. Maumivu nyuma ya goti, kiti kilicho juu mno. Ganzi katika kidole kidogo na kile cha pete hutokana na kubanwa kwa neva ya alna kwenye kiganja: inua usukani, badilisha mshiko mara kwa mara, vaa glavu. Ganzi sehemu za siri ni onyo kwamba kiti kinabana neva na mishipa ya damu. Kiti kibebe mifupa miwili ya makalio. Kwa kuwa nyonga za wanawake kwa kawaida ni pana zaidi, wengi wao huhitaji kiti kipana kidogo. Ganzi au udhaifu usioisha baada ya siku kadhaa za mapumziko upelekwe kwa daktari.

Vipuri vitakavyopatikana njiani

Fremu ya chuma huweza kuchomelewa na fundi mwenye ujuzi. Ya alumini ni ngumu zaidi kutengenezwa. Kwa magurudumu, usiamini jina la saizi peke yake. Rimu ya baiskeli ya kizamani ya “28” ina kipenyo cha milimita 635, ilhali ile ya baiskeli nyingi za kisasa za Ulaya, nayo ikiitwa “28”, ni milimita 622. Tairi ya moja haiingii kwenye nyingine. Soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 47-559 maana yake ni upana wa milimita 47 kwa rimu ya 559, saizi ya “26” ya baiskeli za milimani. Gurudumu la nyuma, libebalo mzigo, liwe na spoki 36.

Gia nyepesi ni kinga ya magoti. Meno 44 mbele na 18 nyuma huzungusha gurudumu takriban mara 2.4 kwa kila mzunguko wa pedali. Meno 24 mbele na 34 nyuma huzungusha mara 0.7 tu, na kilima hupandwa bila kujikamua. Breki za fito hupoteza nguvu rimu inapolowa, hivyo mwenye mzigo achague breki imara zaidi. Weka pia vishikio vya chupa tatu, ili kiu isikusukume kunywa maji ya ziwa yasiyotibiwa.

Kwa wenye maradhi ya kudumu

Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo aonane na mtabibu wake kabla ya kupanga safari, wala asiache dawa. Anayetumia insulini akumbuke kwamba mazoezi hushusha sukari: apime, abebe kitu chenye sukari, asisafiri peke yake. Aliyepoteza hisia miguuni akague ngozi kila jioni, kwa kuwa kidonda kinaweza kuanza bila maumivu.

Baiskeli ikishajengwa, iendeshe kwanza kilomita 20 ikiwa na mzigo wote, urudi kwa fundi, urekebishe, kisha urudie. Maumivu yatakayojitokeza Buhongwa ni rahisi kuyatibu kuliko yatakayojitokeza ng’ambo ya daraja.