Stimupanki: Kupenda Mashine za Mvuke Bila Kuwasahau Waliozilipia



Wapendwa wasomaji, Kiswahili sanifu kinaiita treni garimoshi. Lakini treni ya TAZARA inayopita hapa Ifakara huvutwa na injini ya dizeli, na ile ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 hutumia umeme. Enzi ya makaa na mvuke imepita, jina limebaki.

Wapo watu ambao hawakukubali enzi hiyo ipite hivi hivi. Wanajiuliza: ingekuwaje kama mvuke usingeshindwa na petroli na umeme? Wakajibu kwa riwaya, michoro, mavazi, muziki na filamu. Utamaduni huo unaitwa stimupanki, na mimi ni mmoja wa wapenzi wake.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1987 na mwandishi wa Marekani, K. W. Jeter, kwa namna ya utani, alipotafuta neno la kuziita hadithi zake na za wenzake. Mizizi yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alitoa riwaya kuhusu wasafiri watatu wanaovuka Afrika kwa puto, na puto hilo linarukia Zanzibar! Mwaka 1895 Mwingereza H. G. Wells akaandika juu ya mashine ya kusafiri katika nyakati. Katika filamu, wengi huitaja Laputa ya Mjapani Hayao Miyazaki, ya mwaka 1986. Katika muziki kuna bendi kama Abney Park ya Seattle, ambao hupanda jukwaani wamevaa kama wanahewa wa meli za angani. Wasanii nao hutengeneza saa, taa na miwani kwa shaba, ngozi na magurudumu yenye meno.

Mwenzangu mmoja aliniuliza: Frateri, mambo hayo yana faida gani kwa mseminari? Nilimjibu kwanza kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kuwa roho nayo huchoka, na michezo ya kiasi huipumzisha. Lakini lipo jibu la pili, nalo linatoka darasani.

Simu yangu ikiharibika, siwezi kuona kilichoharibika. Mashine ya mvuke haifichi kitu: moto unachemsha maji, mvuke unatanuka na kusukuma pistoni, pistoni inazungusha gurudumu. Mtu anaielewa kwa macho yake. Aristotle anatufundisha kwamba kukijua kitu ni kujua sababu zake nne: kimetengenezwa kwa maada gani, kina umbo gani, nani amekitengeneza, na kwa lengo gani. Stimupanki hufurahia sana mbili za kwanza, yaani shaba na umbo lake. Mara nyingi huzirukia mbili za mwisho. Hapo ndipo sisi wa bonde la Kilombero tunapaswa kunyoosha mkono na kuuliza swali.

Kwetu enzi ya mvuke ilikuja pamoja na ukoloni. Mwaka 1905 watu wa kusini, wakiwa wamechoshwa na kodi na kazi za kulazimishwa, waliinuka katika Vita vya Maji Maji. Mwezi Agosti mwaka huo walilishambulia boma la Wajerumani kule Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, wakiamini kwamba maji ya dawa yangezuia risasi. Walikutana na bunduki za rashasha. Kisha ikaja njaa, kwa kuwa majeshi ya mkoloni yalichoma vyakula na mashamba. Anayezisifia mashine za zama hizo bila kuwakumbuka watu hao amejifunza nusu ya somo.

Je, basi tuzichukie? Hapana. Tuitazame meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kama meli ya mvuke, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Ilitumika vitani. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini yake ya mvuke ilibadilishwa kuwa ya dizeli miaka ya 1970. Chuma kilichoundwa kwa ajili ya mkoloni kikaja kubeba wafanyabiashara, mizigo ya wanavijiji, hata wakimbizi. Maada ni ileile, lengo si lile. Chombo hakijichagulii lengo. Wanadamu ndio hulichagua, na ndio watakaoulizwa.

Baadhi ya wasanii wameliona hilo. Nisi Shawl wa Marekani, katika riwaya yake Everfair ya mwaka 2016, anaipeleka stimupanki Kongo ya Mfalme Leopold II. Humo waliokatwa mikono wanatengenezewa mikono ya chuma. Jirani yetu wa Nairobi, Cyrus Kabiru, hutengeneza miwani ya ajabu kwa vyuma na nyaya zilizotupwa. Kazi yake yanikumbusha agizo la Bwana baada ya kuwalisha makutano, kwamba vipande vilivyosalia vikusanywe visipotee.

Kanisa pia limelibeba swali hili. Mwaka 1891, viwanda vya mvuke vilipokuwa vikiwakamua wafanyakazi, Papa Leo XIII aliandika waraka wa Rerum Novarum kutetea haki zao. Mwaka 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alieleza kwamba alichagua jina hilo hasa kwa sababu hiyo, maana leo tuna mapinduzi mengine, ya akili mnemba.

Mashine hiyo mpya haina moshi wala gurudumu la kutazama, na sababu zake zimefichika kuliko za zamani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuishangilia au kuiogopa, tuulize yale mawili yanayorukwa: nani ameitengeneza, na kwa faida ya nani? Mababu zetu wa Mahenge hawakupewa nafasi ya kuuliza. Sisi tunayo.