Je, Wajua? Ganda la Chungwa Linaweza Kunasa Madini ya Simu

Je, wajua kwamba madini yanayoitwa adimu si adimu hivyo? Ni elementi 17, na mojawapo, seriamu, imo ardhini kwa kiasi kinachokaribiana na cha shaba. Taabu yake ni kutawanyika: mahali yaliporundikana kiasi cha kulipa gharama za uchimbaji ni pachache. Kwetu Afrika Mashariki tunahesabu Ngualla mkoani Songwe, Mrima kule Kwale na Gakara nchini Burundi. Neodimiamu, iliyo maarufu zaidi, ndiyo inayoipa nguvu sumaku ndogo ya spika ya simu na ile kubwa ya mota ya gari la umeme.

Je, wajua kwamba mengine hupotelea majini? Maji yenye asidi yanayochuruzika kutoka migodi ya zamani ya makaa ya mawe, kama ile ya West Virginia nchini Marekani, huyayeyusha kutoka kwenye miamba na kuyapeleka mitoni.

Hapa ndipo takataka za jikoni zinapoingia. Ganda la chungwa limejaa pektini, ileile inayogandisha jemu. Pektini ina vikundi vya kemikali ambavyo, maji yasipokuwa na asidi kali, hubaki na chaji hasi. Ioni ya neodimiamu ina chaji chanya tatu, kwa hiyo inavutwa na kushikwa. Selulosi ya pumba za mpunga, makumbi ya nazi au makapi ya miwa hufanya kazi hiyo pia, ingawa mara nyingi hutiwa dawa kwanza ili iongezewe chaji hasi. Asidi ikizidi, ioni za haidrojeni hunyang'anya nafasi na madini huachiliwa. Mtu angeuona huo kuwa udhaifu, lakini kwangu ndio uzuri wenyewe wa mbinu hii: unanasa madini, kisha unasuuza ganda kwa asidi kidogo, unapata maji machache yenye madini mengi, na ganda linarudi kazini.

Ganda la ndizi nalo lina sifa zake. Mwaka 2011 watafiti wa Brazil walieleza jinsi ganda lililosagwa lilivyoondoa risasi na shaba katika maji ya mto Paraná, na kwamba liliweza kutumika tena na tena. Hayo si madini adimu, lakini kanuni ni moja. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kikaja na chembe ndogo mno za selulosi zenye vinyweleo, zinazonasa neodimiamu kwa sekunde chache.

Mbona basi maganda yanaendelea kuozea majalalani? Kwa sababu kunasa ni rahisi, kuchagua ndiyo kazi. Maji ya mgodi yana chuma na alumini nyingi kuliko madini adimu, na ganda halibagui. Nafasi zake hujaa wageni wasiotakiwa. Pia elementi hizi zinafanana mno kitabia, kwa hiyo hata zikishanaswa, kuzitenganisha moja moja bado kunahitaji kiwanda cha kemikali.

Kwa hiyo ukisikia kwamba takataka fulani imenasa asilimia 90 ya madini adimu, uliza kwanza maji hayo yalikuwa na chuma kiasi gani.