Kwa Nini Madaktari Hurudi Chuoni

Katika mazungumzo ya leo twapenda kueleza jambo ambalo watu wengi hulisikia kwa mbali na kulifikiri visivyo. Mtu amefika hospitali ya wilaya siku ya Ijumaa na mgonjwa wake, naye aambiwa ya kuwa daktari mkuu hayupo. Amekwenda kukutana na wenzake aliosoma nao chuoni, na atarudi Jumatatu. Mara manung'uniko huanza barazani. Mmoja husema daktari amekwenda kula karamu. Mwingine huuliza mtu mwenye mvi kichwani arudi shule kutafuta nini, hali cheti anacho na kimetundikwa ukutani.

Hatukatai kwamba karamu ipo. Desturi hii imeenea katika vyuo vya udaktari vya nchi nyingi, na huko Marekani imeshika mizizi sana: vyuo vingi huwaita waliomaliza mwaka mmoja warudi kila baada ya miaka mitano, wakae pamoja tangu Ijumaa hata Jumapili. Hula pamoja, hupiga picha mbele ya jengo la zamani, hucheka habari za mwalimu aliyekuwa mkali. Kila mtu hubandika jina lake kifuani kwa herufi kubwa, maana miaka thelathini huweza kuibadili sura ya mtu hata rafiki yake asimtambue. Kisha hukumbukwa wenzao waliokwisha kufariki, na kila mara majina huwa mengi kuliko mara iliyopita.

Lakini katikati ya siku hizo tatu, aghalabu Jumamosi, huwekwa hotuba juu ya mambo mapya ya tiba, na hotuba hizo ndizo zituhusuzo sisi tukaao mbali na vyuo.

Seremala aliyejifunza kupiga randa akiwa kijana atapiga randa vivyo hivyo uzeeni, wala mti wa mninga haugeuki siku moja ukaikataa randa. Maradhi hayako hivyo. Chukueni mfano wa malaria. Daktari aliyemaliza masomo yake katika miaka ya 1970 alifundishwa kwamba klorokwini ni dawa njema, rahisi, ya kutegemewa. Na ilikuwa kweli. Iliokoa watu wasiohesabika. Lakini vijidudu vichache vilivyoweza kuistahimili dawa hiyo vilizaa vingine vya namna yao, na kidogo kidogo klorokwini ikapotewa na nguvu. Tanzania iliiacha mwaka 2001 ikashika SP. Nayo SP haikudumu, isipokuwa kwa kuwakinga wanawake wajawazito, na mwaka 2006 ikafuata dawa mseto, ambayo ndani yake mna dawa iliyotokana na mmea wa China wa jamii ya pakanga. Aliyeongoza kazi ya kuipata ni bibi mmoja wa nchi hiyo, Tu Youyou, aliyepekua vitabu vya kale vya waganga wa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Basi daktari yule yule, kabla hajastaafu, amebadilishiwa mara mbili dawa ya ugonjwa aliotibu kila siku ya maisha yake.

Wala si dawa tu. Hata namna ya kufikiri imegeuka. Zamani mtoto akiwa na homa, katika nchi zenye mbu, alipewa dawa ya malaria bila ya kuulizwa zaidi, na mafundisho ndivyo yalivyokuwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe damu kwanza. Sababu yake ni nzito. Homa ya mtoto yaweza kuwa ya kichomi, na mtoto mwenye kichomi akipewa dawa ya malaria peke yake akarudishwa nyumbani, aweza kufa huku mama yake ameshika dawa mkononi. Tumewasikia akina mama wakilalamika ya kuwa daktari amewanyima dawa kwa sababu ya kikaratasi cha kupimia. Tunawasihi wamuulize, "Kama si malaria, ni nini basi?" Swali hilo ndilo daktari naye anapaswa kujiuliza, na kama chuo chake hakikumfundisha kulijibu, ni lazima alifuate jibu mahali fulani.

Tutaje na ugonjwa wa kuhara, ingawa habari zake si ngeni kwa wengi. Palikuwa na wakati ambapo vyuo vikubwa vilifundisha kwamba mtoto aharaye apumzishwe tumbo, yaani azuiliwe chakula, na aliyekauka sana atiwe maji mshipani kwa sindano. Hospitali ndogo hazikuwa na chupa za maji hayo za kutosha, wala watu wa kuzisimamia. Katika miaka ya 1960 wataalamu walitambua kwamba utumbo wa mgonjwa, hata wa kipindupindu, huendelea kupokea maji na chumvi ikiwa vimechanganywa na sukari ya glukosi kwa kipimo. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh viliwakimbiza watu kwa mamilioni kuingia India, na kipindupindu kikawafuata kambini. Pale Bangaon chupa zilipokaribia kwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo kwa vikombe, na jamaa zao ndio waliowanywesha. Kabla ya hapo walikuwa wakifa wapatao 30 katika kila 100. Kwa dawa ile walikufa chini ya 4. Chumvi, sukari na maji! Madaktari wengi wa wakati ule walikawia kuamini, na twadhani walikawia kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa rahisi mno kwa watu waliosoma miaka mingi. Tangu mwaka 2004 imeongezwa nasaha ya kumpa mtoto na vidonge vya zinki kwa siku 10 hata 14. Na maziwa ya mama hayakatizwi, wala chakula.

Sasa mtu aweza kusema, "Kama ni habari mpya, si zipo vitabuni? Daktari asome." Ni kweli, na asiyesoma ana lawama. Lakini sisi tufundishao walimu tumeona ya kuwa mtu mzima mwenye cheo hana taabu ya kusoma jambo jipya. Taabu yake ni kulikubali lile lipinganalo na alilozoea kulifanya. Daktari wa wilaya amezungukwa na wauguzi na waganga wasaidizi wanaongojea neno lake. Asubuhi akisimama kitandani mwa mgonjwa hawezi kwa wepesi kusema mbele yao, "Jambo hili silielewi." Lakini mbele ya mtu aliyelala naye bweni moja, aliyemwona akitetemeka siku ya kwanza ya kupasua maiti darasani, hana heshima ya kulinda. Atamvuta kando baada ya hotuba amwulize, "Je, na wewe uliacha kuwapa dawa ile? Uliachaje? Wagonjwa wako walisemaje?" Kwa maoni yetu, maswali hayo ya kando, yaulizwayo na kikombe cha chai mkononi, ndiyo faida kubwa ya siku zile, kuliko hata hotuba yenyewe.

Tena msidhani kwamba ilimu hutoka chuoni tu ikaenda wilayani. Mara nyingine hupanda kutoka wilayani, na mfano mkubwa tunao karibu nasi, katika kilima cha Mulago, Kampala. Hospitali ya hapo ilianza mwaka 1913, na katika miaka ya 1920 wakaanza kufundishwa vijana kazi ya udaktari, chini ya Makerere. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya, Tanganyika na Unguja waliotaka ilimu hiyo bila ya kuvuka bahari walikwenda huko, maana Dar es Salaam haikupata shule yake ya udaktari hata mwaka 1963, wala Nairobi hata mwaka 1967. Mwaka 2024 shule ya Mulago ilitimiza miaka mia moja.

Mwaka 1957 alikuwako pale daktari wa upasuaji jina lake Denis Burkitt, mtu wa Ireland, mwenye jicho moja. La pili lilipotea kwa ajali utotoni. Mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto mwanamume aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuelewa ni ugonjwa gani. Majuma machache baadaye, akizuru hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule. Angaliweza kusema ni bahati mbaya mbili zilizofanana, akaendelea na kazi zake, ambazo zilikuwa nyingi. Badala yake alifungua madaftari ya hospitali, akakuta watoto wengine kadha wa kadha walioandikwa kila mmoja kwa ugonjwa wake, huyu uvimbe wa taya, yule wa figo, wala hakuna aliyefikiri kuwa ni ugonjwa mmoja. Ilikuwa saratani ya namna moja, na mwaka 1958 akaandika habari zake.

Alitaka kujua inapatikana wapi. Kwa msaada wa paundi 25 alipiga chapa karatasi zenye picha za wagonjwa, akazipeleka kwa madaktari wa serikali na wa misheni katika nchi nyingi za Afrika, akiwauliza kama wameuona ugonjwa huo. Majibu yalipokuja aliyatia katika ramani. Hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo hakuna profesa aliyelijua: ugonjwa ulikuwa umeshika ukanda mpana katikati ya Afrika, na kushuka kusini kwa kufuata pwani ya mashariki. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wenzake walipanda motokaa moja iliyokwisha kutumika, wakasafiri wiki kumi na maili zipatazo 10,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza. Walirudi na neno moja kubwa, kwamba ugonjwa hupenda nchi za joto na mvua, na katika milima ya baridi hauonekani. Yaani ulikaa palipokaa malaria.

Mwaka huo huo Burkitt alikuwa ametoa hotuba London, katika hospitali ya Middlesex. Wasikilizaji hawakuwa wengi, lakini mmoja wao alikuwa Anthony Epstein, mtaalamu wa virusi. Baada ya hotuba aliomba aletewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala, na vikapelekwa kwa ndege. Mwaka 1964 yeye pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembe za saratani ile, na hicho ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuwa na sehemu katika saratani ya binadamu. Leo imejulikana ya kuwa karibu watu wazima wote duniani wanacho, na wengi hawadhuriki nacho. Malaria ya mara kwa mara katika utoto ni moja ya mambo yanayokifungulia mlango. Ugonjwa wenyewe hutibika kwa dawa, na mtoto aletwaye mapema ana tumaini kubwa la kupona. Kwa hiyo uvimbe wa taya unaokua upesi si wa kufungiwa majani nyumbani wiki mbili ukingojewa upungue, wala si wa kudhaniwa kuwa jino tu.

Ramani ile ilitengenezwa na nani? Burkitt ndiye aliyeichora, lakini majibu yaliandikwa na madaktari wa vituo vya mbali, pengine kwa mwanga wa kandili baada ya kazi ya kutwa, ambao majina yao hayasomwi popote.

Na hapo ndipo penye kasoro ya desturi hii, kwa jinsi tuionavyo. Wanaofika kwenye mikutano ya chuo kwa urahisi ni wale wa miji mikubwa, wenye nauli na wasaidizi wa kuwashikia zamu, nao ndio waliokwisha kuyasikia mambo mapya kabla ya wenzao. Yule aliye peke yake katika kisiwa cha ziwani, au mwisho wa njia isiyopitika wakati wa masika, ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote, naye ndiye asiyeweza kuondoka. Zimefanywa juhudi za kumfikia. Nchini Kenya, kwa mfano, daktari atakaye kufanyiwa upya ruhusa yake ya kazi hana budi kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza, na hotuba nyingi sasa husikilizwa kwa simu, mahali penye mtandao. Ni msaada, lakini simu haina yule mwenzake wa bwenini wa kumvuta kando. Tungependa kuona vyuo vikifanya kama alivyofanya Burkitt, vipakie wahotubu wao katika gari viwafuate madaktari wilayani, na vikifika viulize kabla ya kufundisha.

Kwa sasa, Jumamosi ile ile ambayo wenzake wamekaa ukumbini na majina yao kifuani, daktari huyo yuko zamu, na mbele yake amelala mtoto mwenye homa, ambaye kipimo kimeonyesha kwamba hana malaria.