Kadi Isiyokubali Kufutwa

Juma lililopita mpwa wangu, ambaye ni mpiga picha wa harusi, alinijia jioni amenuna. Memori kadi ya kamera yake imejaa, kesho yake ana kazi, na kadi haikubali kufutwa. Akifuta picha kwenye kompyuta, zinatoweka. Akiichomoa kadi na kuichomeka tena, zote zimerudi. Akijaribu kuifomati, inakataa.

"Mjomba, fundi kaniambia ni virusi," akasema. Na fedha alikwishatoa.

Kwanza nilitazama kile kiswichi kidogo kilichopo ubavuni mwa kadi. Kikiwa upande wa kufunga, kamera haiandiki wala haifuti. Wengi hawajui kwamba kiswichi hicho hakikuunganishwa na kitu chochote ndani ya kadi. Ni kipande cha plastiki tu. Kamera au kompyuta ndiyo inayokihisi na kutii. Kikivunjika, kadi nzima huonekana imefungwa, na kipande cha selotepu kikibandikwa mahali pake mambo huendelea. Zile kadi ndogo za simu hazina kiswichi, ila adapta yake inacho.

Cha mpwa wangu kilikuwa kizima. Tukajaribu kompyuta nyingine, yakawa yale yale. Hapo nikamwambia: kadi yako imezeeka.

Naam, kadi huzeeka. Chembe zinazohifadhi picha huchakaa kidogo kila zinapofutwa na kuandikwa upya, na zina kikomo. Kadi nyingi zikifikia hali mbaya hujifunga zenyewe: kusoma ruhusa, kuandika marufuku. Zile picha zilizotoweka hazikuwa zimefutwa hata kidogo. Kompyuta ilikuwa ikionyesha orodha iliyomo kichwani mwake yenyewe, si iliyomo kwenye kadi. Hakuna programu itakayoirudishia kadi kama hiyo ujana.

Lakini picha zilikuwa bado zinasomeka, na humo mlikuwa na harusi nzima ya Jumamosi iliyopita ambayo wenyewe hawajakabidhiwa. Yeye alikuwa akihangaika kufuta, kumbe la kuhangaikia lilikuwa kunakili! Tulizinakili zote usiku ule, mara mbili.

Kisha akataka kumpa kadi kijana wa jirani achezee. Nikakataa. Kadi isiyofutika ikitoka mkononi inatoka na nyuso za watu na mambo yao ya nyumbani. Tuliikata kwa koleo vipande vinne, na asubuhi akaenda harusini na kadi ya kuazima.