Je, Wajua? Vifungo Vilivyovuliwa Mtoni

Mwaka 1905, mji mdogo wa Muscatine, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, ulitoa vifungo bilioni 1.5. Vyote vilitoka mtoni! Malighafi ilikuwa makombe ya kome wa maji baridi wa mto Mississippi, yenye mng'ao wa lulu kwa ndani. Kazi hiyo aliianzisha Mjerumani, John Boepple, mwaka 1891.

Makombe yaliloweshwa siku kadhaa ili yasipasuke. Kisha msumeno wenye umbo la bomba ulitoboa vipande vya duara, kimoja kimoja. Kombe lililobaki lilikuwa matundu matupu, na hata leo makombe hayo huokotwa kando ya mto.

Plastiki ilikuja ikaiua biashara hiyo. Bado unaweza kukitambua kifungo cha kombe: kigusishe shavuni. Ni baridi, na mkononi kina uzito.

Tundu la kupitishia kifungo kwenye nguo nalo lina hesabu yake. Pima upana wa kifungo, ongeza unene wake: huo ndio urefu wa tundu. Mafundi wanaoanza husahau unene, kifungo kikagoma kupita.

Unashona koti zito? Laza njiti ya kiberiti juu ya kifungo, pitisha uzi juu yake. Ukimaliza, ichomoe, vuta kifungo juu, zungushia uzi chini yake, piga fundo. Kifungo kinapata shingo, na kitambaa kizito kinalala bila kuvutwa.