Fahamu: Fimbo ya gofu yenye uzito unaobadilishwa

Ni kitu gani?
Ni pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ambayo kichwa chake kina vipande vya chuma vilivyofungwa kwa skrubu. Ukitaka kichwa kiwe kizito zaidi au chepesi, unafungua kipande na kuweka kingine.

Kwa nini uzito uwekwe nchani?
Mpira ukigongwa nje ya kitovu cha kichwa, kichwa hujipinda na mpira hupoteza njia na kasi. Uzito ukiwa kwenye ncha mbili, hakijipindi upesi. Umbali ndio wenye nguvu hasa: kipande kilekile kikiwekwa mbali mara mbili na kitovu, ukinzani wake dhidi ya kujipinda huwa mara 4. Ndiyo maana kiwiliwili cha kichwa hutengenezwa kwa aluminiamu na nchani hutiwa tangsteni, ambayo kwa ujazo uleule ni nzito takriban mara 7 kuliko aluminiamu. Karsten Solheim, mhandisi wa Marekani mzaliwa wa Norway, alitengeneza pata yenye uzito nchani mwaka 1959.

Sheria inasemaje?
Rekebisha kabla ya kuanza. Katikati ya raundi ni marufuku.

Na Zanzibar?
Enzi za Waingereza gofu ilichezwa Mnazi Mmoja, baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Leo kuna uwanja wa mashimo 9 kwenye hoteli ya Sea Cliff, kaskazini mwa mji. Fundi chuma wa Ng'ambo mwenye drili na mzani wa gramu anaweza kutengeneza pata ya aina hii. Aanze na kichwa cha gramu 350 hivi, na ahakikishe vipande vya pande zote mbili vina uzito sawa.