Tusi Jukwaani: Neno, Msemaji na Ruhusa

Mwaka 1964, katika ukumbi mdogo wa Café Au Go Go mjini New York, ofisa mmoja wa idara ya leseni aliketi gizani miongoni mwa watazamaji, akiandika maneno ya mchekeshaji Lenny Bruce. Mwezi wa Aprili Bruce alikamatwa kwa shtaka la kutoa maonyesho machafu. Mahakamani ofisa huyo aliwasomea mahakimu watatu yale aliyoyanukuu: vipande vya sentensi, tusi juu ya tusi, pasipo kituo, pasipo sauti wala uso wa msemaji. Bruce alilalamika kwamba ofisa ndiye aliyekuwa akichekesha, tena vibaya, na kwamba yeye atahukumiwa kwa maonyesho ya mtu mwingine.

Lalamiko hilo ni hoja ya isimu kabla ya kuwa hoja ya sheria. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kwamba tusi halimo katika neno peke yake. Mtani huingia msibani akamsema marehemu kwamba alikuwa mchoyo, na wafiwa wakacheka. Maneno yale yale yakitoka kinywani mwa jirani asiye mtani, ugomvi huzuka. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, alieleza uhusiano huo kuwa ni ule ambao mmoja anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumdhihaki mwenzake, naye mwenzake anapaswa asikasirike. Ruhusa hiyo hutolewa na ukoo, ndoa au historia ya makabila mawili.

Mchekeshaji asimamaye peke yake na kipaza sauti hana ukoo na wanaomsikiliza. Ruhusa yake huombwa upya kila usiku: tiketi huianzisha, kicheko cha kwanza huithibitisha. Ndipo anapoweza kuuvuka mpaka. Ukumbi hushtuka, hunyamaza, kisha maneno yanayofuata huonyesha kwa nini mpaka ulivukwa. Yasipofuata, hubaki tusi tupu, na wachekeshaji wengi wavivu huishia hapo.

Bruce mwenyewe alidai zaidi. Katika mchezo wake mmoja aliyataja mfululizo majina ya kudharau watu weusi, Wayahudi, Waitalia na wengineo, akishikilia kwamba ni kufichwa kwa neno kunakolipa sumu, na kwamba likirudiwa mno halitamliza tena mtoto mweusi shuleni. Dai hilo ni kweli nusu tu. Neno hupoa ndani ya ukumbi kwa sababu msemaji na wasikilizaji wamepatana. Likitoka barabarani hukuta msemaji mwingine, nalo huwa moto kama zamani.

Mapatano hayo ndiyo yaliyopimwa katika kesi ya George Carlin, aliyejulikana kwa mchezo wake wa mwaka 1972 kuhusu maneno saba yasiyotamkwa katika televisheni. Mchana wa tarehe 30 Oktoba 1973 redio moja ya New York ilitangaza mchezo wake wa namna hiyo. Baba mmoja aliyekuwa garini na mwanawe akausikia, akashtaki. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliikubalia tume ya utangazaji. Haikusema kwamba maneno hayo yamekatazwa kila mahali. Iliangalia saa, na redio inayoingia nyumbani mwa watoto. Yaani, watu wasiokata tiketi.

Kuna pia wanaotajwa bila kuwapo. Desemba 2008, katika ukumbi wa Zénith mjini Paris, Dieudonné alimpandisha jukwaani Robert Faurisson, mkanushaji wa mauaji ya Wayahudi, akampa tuzo. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa kumkinga mwaka 2015, ikiona kwamba jioni ile ilikuwa imegeuka kuwa mkutano, si burudani tena. Hapo swali liliulizwa vizuri: tendo gani lilitendwa, na kwa nani, badala ya neno gani lilitamkwa.

Bruce hakupata bahati hiyo. Mahakimu wawili kati ya watatu walimtia hatiani Novemba 1964, na mwezi uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi minne. Alifariki Agosti 1966, rufaa yake haijaamuliwa. Msamaha wa gavana George Pataki ulitolewa Desemba 2003.